Dashibodi ya Datsun 240Z iliyopasuka: kata kwanza, jaza baadaye

Ukikuta gari la michezo la Datsun 240Z la kati ya 1969 na 1973 lenye dashibodi isiyo na ufa hata mmoja, pitisha kucha kwenye ukingo wake karibu na kioo cha mbele. Mara nyingi utahisi ngazi ndogo: hicho ni kifuniko cha plastiki kilichobandikwa juu, na chini yake nyufa zipo palepale.

Dashibodi hii ni fremu ya chuma iliyojazwa sponji ya poliurethani na kuvikwa ngozi ya vinili. Vinili hulainishwa na mafuta maalumu, na jua huyafukuza kidogo kidogo. Ule utando wa mafuta unaoganda kwenye kioo cha mbele kwa ndani, kwa sehemu kubwa ndiyo hayo. Yakishapotea, ngozi hukakamaa na kunywea, lakini sponji iliyoshikana nayo haiwezi kuifuata. Ngozi hukatika pale ilipovutwa zaidi, yaani kwenye migongo iliyo juu ya geji tatu za katikati na kwenye uso wa juu unaopigwa na jua. Kwa hiyo mwanagenzi asijaribu kuvuta midomo ya ufa ikutane. Ngozi imepungua, na ukiilazimisha leo itaachana tena, au itapasuka kando.

Itoe dashibodi nje ya gari. Chini ya kioo kile kilicholala hupati pembe ya kupiga msasa, na rangi utapuliza kwa kubahatisha. Anza kwa kuchomoa waya hasi wa betri. Teremsha mhimili wa usukani, fungua kebo ya spidomita kwa nyuma, piga picha kila kiungo na ukiandike jina kwenye tepu. Plagi zina zaidi ya miaka 50: shika plagi yenyewe, usivute waya. Kisha toa geji zote.

Kabla msasa haujagusa kitu, osha. Magari haya yamepakwa ving'arisho vya silikoni kwa miaka mingi, na ukisugua juu yake unaisukuma silikoni ndani zaidi. Matokeo utayaona siku ya rangi: vishimo vya duara ambavyo rangi inakataa kukaa. Tumia maji ya sabuni ya vyombo na brashi, kausha, kisha futa kwa dawa ya kuondoa nta na grisi au kwa alkoholi ya isopropili, ukibadilisha kitambaa kila mara. Rudia hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Sasa kukata, na hapa ndipo wengi huogopa. Midomo ya ufa wa zamani huwa imejikunja kwenda juu. Ukijaza bila kuiondoa, utapata tuta ambalo hakuna msasa utakaolificha. Weka rula juu ya ufa uone inavyocheza, kisha kata ngozi kwa wembe mkali, ukiuinamisha, hadi rula ilale. Ufa mwembamba kama unywele unaweza kuishia kuwa mfereji wa milimita 10 hadi 15. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Endelea sentimita 1 kupita mwisho wa ufa na umalizie kwa umbo la duara, maana pembe kali ndiyo mwanzo wa ufa mwingine. Sponji iliyo chini ikisagika mkononi, ichimbe hadi ufikie iliyo imara. Shimo refu lijaze kwa povu la poliurethani la sehemu mbili, kisha likishakauka likate libaki milimita 3 chini ya uso. Povu la kopo la kuzibia fremu za milango liache huko huko kwenye milango: huchelewa kukauka ndani na linaweza kuendelea kuvimba wakati wewe umeshafunika. Mwisho, kwaruza ngozi kwa msasa namba 80, sentimita 3 hivi kila upande wa mfereji.

Kijazio kiwe epoksi inayonyumbulika, iliyotengenezwa kwa dashibodi za sponji. Zipo zinazochanganywa nusu kwa nusu, soma kopo. Changanya kwa kukandamiza kwa kisu bapa, usipige kama mayai, la sivyo utaingiza viputo. Paka kwanza tabaka jembamba ukilisukumiza kwenye kingo, kisha jaza hadi kipite uso kidogo. Puti ya bodi, ile ngumu ya kujazia mabati, usiiguse. Dashibodi juani hufika takriban nyuzi 70. Ngozi inatanuka, puti imekuwa jiwe, na mstari unarudi palepale kwenye ukingo. Tena gari hili si la maonyesho tu: ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, na barabara za huku bado zinatikisa.

Sugua kwa msasa namba 80 kisha 180, daima ukiwa umeuzungushia kibao au, kwenye mikunjo, kipande cha mpira wa hosi. Vidole vitupu huchimba vinili laini na kuacha epoksi imeinuka. Macho hudanganya kwenye rangi nyeusi, kwa hiyo fumba macho upitishe kiganja, halafu mulika tochi kwa upande.

Mikunyanzi midogo ya ngozi ya asili hairudi yote. Unaweza kupuliza dawa ya kuiga mikunyanzi hiyo kwa matone, lakini puliza dashibodi nzima, kwa sababu kiraka kitaonekana. Jaribu kwanza kwenye kadibodi: umbali ukibadilika, na ukubwa wa matone hubadilika. Yakikauka, punguza ncha kidogo kwa namba 320. Kisha rangi ya vinili inayonyumbulika, nyeusi isiyong'aa, tabaka 3 au 4 nyembamba. Rangi yenye kung'aa itakuakisia dashibodi nzima kwenye kioo mchana kutwa. Wakati wa povu na rangi, vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali. Ile ya kitambaa haizuii mvuke.

Kifuniko cha plastiki kinaokoa muda na si dhambi, ila kikishagandishwa kwa silikoni, siku ya kukibandua kitang'oka na ngozi ya asili.

Unaporudisha, iache rangi siku kadhaa kwanza. Unganisha plagi zote, rudisha betri, jaribu taa, indiketa na feni. Shikiza bolti zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja: fremu ikivutwa upande mmoja hujipinda, na ufa mpya huanzia kwenye kona uliyotoka kuitengeneza.