Hivi protini inapimwaje kwa umeme?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mi wa Tukuyu ila nasoma umaabara hapa Mbeya mjini, mwalimu katuambia siku hizi wanapima protini mojamoja kwa umeme kupitia katundu, darasa zima tukacheka. Hivi hadubini haitoshi? Na huo umeme hauiunguzi? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hadubini ya mwanga haiwezi wala usiilaumu, himoglobini moja, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ina upana wa nanomita 5 hivi wakati mawimbi ya mwanga yanaanzia kama nanomita 400, ni sawa na kupapasa punje ya ulezi umevaa glavu za ndondi.

Sasa chukulia umekaa Ilula unauza nyanya. Mlima Kitonga wenye kona kali huuoni, ila magari yakianza kufika machache unajua kuna semitrela inapanda imebana barabara, yakipungua kidogo tu hiyo ni Fuso, na ukiangalia yamechukua muda gani kurudi kawaida unajua lilikaa kwenye kona kiasi gani. Ndo hivyohivyo. Kuna kiwambo chenye tundu la nanomita chache, huku na huku maji ya chumvi, ukiweka volti ioni za chumvi zinapita na ndo mkondo wa umeme wenyewe, hizo ndo gari zako. Protini ikiingia inabana njia, mkondo unashuka. Umeshuka kiasi gani inakwambia ujazo wake, na mkondo ukiwa unachezacheza unapata fununu ya umbo, mviringo au ndefu inayojigeuza mle ndani. Kuungua hakuna, volti mara nyingi ni kama 0.1, betri ya tochi tu ina 1.5!

Na msicheke sana, mashine nyingi za FBP (kile kipimo cha picha kamili ya damu) hospitalini zinahesabu seli kwa ujanja huohuo, Wallace Coulter aliupatia hataza 1953, tofauti ni ukubwa wa tundu.

Shughuli ipo kwenye kusoma mfuatano, yaani vipande vinavyoijenga protini vimepangwaje. DNA wameshaiweza, herufi 4 tu, ila protini ina aina 20 za vipande, ndo amino asidi hizo, imejikunja, na chaji zake mchanganyiko kwa hiyo umeme hauivuti vizuri. 2021 watu wa Delft, Uholanzi, walifunga kipande cha protini kwenye DNA, kimeng'enya (protini inayofanya kazi kama kimashine) kikawa kinakivuta hatua kwa hatua, wakakisoma kilekile mara nyingi mpaka wakatofautisha vipande vilivyopishana amino asidi moja. Moja unaiona ndogo? Selimundu ndo hiyo moja, kwenye himoglobini amino asidi ya nafasi ya 6, glutamiki, imekuwa nyingine, valini.

Ila ramani ya kila atomu tundu halikupi, hiyo bado ni kazi ya njia nyingine kama kupiga eksirei protini iliyofanywa kristali, mwalimu akisema tofauti mbishie, kwa adabu lakini.