Friza ikizima usiku, nani anaamka?

SWALI: Shikamoo Mama. Nasimamia kikundi cha watafiti sita wa mimea, na tunataka kuungana na kikundi kingine kwa miaka mitatu. Sisi tuna friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na droni moja. Wao wana sampuli za mbegu na kumbukumbu za shambani za miaka kumi. Wametuletea mkataba wa kurasa kumi na nne, nimekuambatishia, lakini kuhusu vifaa kuna sentensi moja tu: "Pande zote zitatumia rasilimali zao kwa pamoja kwa nia njema." Wenzangu wanasema tutie saini, hawa ni marafiki. Nifanyeje?
Msimamizi mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka kalamu chini kwanza. Sisemi marafiki zenu wana hila. Nasema sentensi hiyo haijamwambia mtu yeyote afanye nini.

Kabla ya kuandika mikataba nilikuwa mtunza stoo wa mradi wa pamoja kama wenu, kwa hiyo mpaka leo mkataba nausoma kama mshika funguo. Tulikuwa na friza ya aina hiyo hiyo. Jumamosi moja usiku kompresa ikafa. King'ora kikalia, mlinzi akapiga namba iliyobandikwa mlangoni, kumbe mwenye namba alishahama kazi. Jumatatu tukakuta maji sakafuni na vichupa lebo zimebanduka. Mwenye friza akasema, sampuli si zangu. Mwenye sampuli akasema, friza si yangu. Mkataba ulikuwa mnene kuliko wenu, na neno friza halimo.

Basi ile sentensi ifute, uweke kiambatisho chenye kila kifaa kwa jina lake, namba yake ya kiwandani na hali yake siku ya makabidhiano, picha zikiwemo. Kisha andika kwa lugha ya kawaida: "Friza inabaki mali ya Upande wa Kwanza. Upande wa Pili utatumia rafu mbili za chini hadi mkataba uishe. Umeme na matengenezo ya kila mwaka vitagawanywa kwa idadi ya rafu. Uchakavu wa kawaida ni juu ya mwenye mali. Uharibifu wa uzembe ni juu ya aliyezembea." Ongeza nani anapokea simu ya usiku, na nani anashika zamu yake akisafiri. Na bima? Muulizeni mwenye bima kabla, si baada, kama inamhusu mtumiaji asiye mmiliki.

Droni ina ugomvi wake. Mimea haingoji ratiba. Ikichanua, nyote mtaitaka wiki ile ile. Amueni sasa nani anatangulia, nani anaruhusiwa kuirusha, na iandikiwe daftari: tarehe, saa, jina, hali iliporudi. Wahenga wa madukani walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sampuli zisichanganywe na vifaa. Kifaa hurudi kama kilivyo. Mbegu huota, huzaa, hugawanywa. Semeni kama mnaruhusiwa kuzizalisha, kumpa mtu wa tatu, au kuzitumia nje ya utafiti huu. Zikitoka nchi nyingine, ulizeni zilipatikanaje: Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2014, imejengwa juu ya ridhaa ya nchi ya asili na makubaliano ya kugawana manufaa. Rafiki yako hawezi kukupa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana.

Hapa ndipo wengi hujikwaa: matokeo. Tenganisheni mlichokuja nacho na mtakachopata pamoja. Zile kumbukumbu za miaka kumi ni zao, nanyi mnapewa haki ya kuzitumia tu. Mtakachovumbua pamoja, msiishie kuandika "kitamilikiwa kwa pamoja." Marekani, mmiliki mwenza wa hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, anaweza kumpa mtu leseni bila kukuuliza, kama hamkukubaliana vinginevyo. Uingereza, sheria ya hataza ya 1977 inataka ridhaa ya mwenzake. Maneno ni yale yale, maana imepinduka. Andikeni wenyewe nani anaweza kutoa leseni, na mapato yanagawanywaje.

Mwisho, kuachana. Taja siku za notisi, na muda wa kuja kuchukua sampuli kabla rafu hazijasafishwa. Siku thelathini ni chache kwa mtu anayetafuta friza nyingine. Mimi hudai tisini. Mambo ya usuluhishi na barua za taarifa naona wameyaandika vizuri, yaache.

Rasimu yako ukishaimaliza mpelekee mwanasheria wenu aipitie kwa sheria ya kwenu. Ila leo hii, kabla hujatoka kazini, pita kwenye mlango wa friza uangalie namba iliyobandikwa pale ni ya nani. Kisha ipige.