Jiwe la pili lilikuwa langu: ushauri kwa anayekwenda kutazama Safari Rally

Mpwa wangu alinipigia simu wiki iliyopita, na salamu zenyewe alizimeza nusu. "Shikamoo mjomba, mwaka huu twende Naivasha kwenye mashindano ya magari. Gari lipo, hema lipo, wewe njoo na hadithi tu." Hadithi ninazo, tena nyingi. Shida ni kwamba zile zinazochekesha zaidi ndizo zinazonifanya nisite kumsimamisha mtoto wa dada yangu kando ya barabara ya mashindano. Nikamwambia nitakuja kwa masharti. Akacheka, akaniuliza tangu lini kutazama magari kukawa na masharti. Basi haya ndiyo majibu yangu, na wewe mwingine unayejiandaa kwenda unaweza kuyachukua.

Mimi ni mtoto wa Taita, wa kwenye miteremko, ambako barabara inajipinda mpaka ukitazama chini unaona ulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 80 hatukuweza kutenganisha Pasaka na Safari. Mashindano yalikuwa yameanza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi tuliyakuta yamebaki Kenya peke yake, lakini bado yalikuwa marefu kama kilomita 5,000, mchana na usiku. Na barabara hazikufungwa. Hilo vijana wa leo hawaliamini. Gari la mashindano lilipishana na basi, na mkokoteni wa punda, na akina mama wanaotoka kwenye ibada ya Ijumaa Kuu.

Dereva wetu wa Kenya, Shekhar Mehta, alishinda 1973, kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote akiwa na Datsun. Kwa hiyo kila gari la waya kijijini kwetu lilikuwa Datsun, na kila mvulana alikuwa Mehta. Tulipigana kwa ajili ya jina hilo. Aliyeshindwa alikubali kuwa Waldegård, dereva wa Uswidi, jina ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kulitamka.

Usiku ndio ulikuwa mtamu. Tuliketi ukingoni na moto wa kuni, mahindi ya kuchoma, wazee na pombe yao ya miwa, redio moja ya mwalimu imezungukwa na watu hamsini. Ulianza kusikia kabla ya kuona. Ngurumo inatoka ng'ambo ya kilima, inapotea, inarudi karibu zaidi, halafu mwanga unapasua migomba na watu wote wanasimama kwa pamoja. Sekunde tatu, nne. Kinachobaki ni harufu ya breki zilizoungua na vumbi kwenye meno.

Hayo nasimulia hata harusini. Yanayofuata huwa siyasimulii.

Chini ya kanisa letu kulikuwa na kona ya udongo mwekundu, yenye mgongo mdogo kabla yake, kwa hiyo dereva anayeteremka haioni mpaka aifikie. Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Safari, kaka zetu wakubwa waliufungua mfereji wa kumwagilia mashamba wakaelekeza maji barabarani. Asubuhi pale pamekuwa uji. Hesabu ilikuwa rahisi: gari linakwama, vijana ishirini wanalisukuma, navigeta, yule anayekaa kando ya dereva akimwelekeza njia, anatoa noti dirishani, au kofia, au stika. Picha za wanakijiji wakisukuma magari zilitoka magazetini na watu wakazisifu kuwa ni ukarimu wetu. Ukarimu ulikuwepo, sitaukana, mvua za Pasaka hazikuhitaji msaada wa mtu kukwamisha gari. Lakini kona ile, mwaka ule, ilikuwa biashara.

Gari la kwanza lilikwama, tukalisukuma, tukalipwa. La pili lilikwama. Tukiwa bado tumelishika kiunoni mwake, miguu imezama mpaka kwenye vifundo, la tatu likatokea juu ya mgongo. Kuna mtu alipiga mluzi. Sasa wewe jaribu kukimbia kwenye tope. Dereva alituona, nina hakika alituona, kwa sababu alilitupa gari lake kwenye ukuta wa udongo upande wa kulia badala ya kutupitia. Nyuma ya gari ikazunguka, ikampiga binamu yangu mkono. Nilisikia mfupa. Ni sauti ndogo, kama ukuni mkavu unapovunjwa gotini.

Navigeta alitoka mbio, kofia ya mashindano bado kichwani, ameshika kisanduku cha huduma ya kwanza kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Mmoja wetu akampigia kelele, "Lete pesa!" Halafu jiwe likaruka, likagonga mlango wa gari. La pili lilikuwa langu. Halikumpata mtu, namshukuru Mungu, ila nakumbuka uzito wake mkononi mpaka leo.

Kwa nini nilirusha? Mwaka uliotangulia gari moja lilimuua mbuzi wa bibi yangu na halikusimama. Hakuna aliyerudi kuuliza. Mbuzi mwenye mimba ni karo ya shule. Tulikaa na hasira ile mwaka mzima, na yule mgeni aliyekuwa ametuepuka kwa kuharibu mashindano yake ndiye aliyeilipia. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakizungumzia mawe ya zamani wanasema tu "washamba walikuwa wakorofi." Ukorofi ulikuwa na mizizi. Hilo halilipunguzii jiwe uzito.

Machi 1986 tukasikia kwenye redio habari za mashindano ya magari ya Ureno. Pale Lagoa Azul, karibu na Sintra, watazamaji walikuwa wamejaa barabarani kabisa, wakifungua njia gari likishafika, wengine wakishindana kuligusa. Joaquim Santos, akiendesha Ford RS200, alijaribu kuwakwepa waliokuwa mbele yake, gari likamshinda, likaingia kwenye umati. Watu watatu walikufa na zaidi ya 30 wakaumia. Madereva wa timu kubwa walikutana hotelini Estoril wakakataa kuendelea. Mimi nilikuwa na miaka 17. Nilisikiliza habari ile nikiwa nimekaa na binamu yangu, na wala hatukutazamana.

Lile la Ureno ndilo lililonifundisha jambo ninalotaka mpwa wangu alielewe kabla ya mengine yote: dereva akikukwepa wewe, anamwendea mwingine. Gari halina pa kupotelea. Ukisimama mahali pabaya, si roho yako tu unayoiweka rehani.

Sasa masharti yenyewe.

Kabla hujatazama barabara, tazama nyuma yako. Kuna miiba? Kuna korongo? Kuna watu mia wamekubana? Kama huwezi kurudi nyuma hatua kumi haraka, hapo si mahali pa kusimama, hata kama picha zitatoka nzuri. Kisha panda. Mahali palipo juu ya barabara panashinda mahali palipo sawa nayo, na chini ya barabara usikae kamwe, kwa sababu gari likitoka njiani linafuata mteremko kama maji. Upande wa nje wa kona ndiko linakotupwa likishindwa. Wengi wanalijua hilo, wanakimbilia ndani ya kona wakidhani wamepona, wakati ndani ndiko madereva wanakokata njia, na gurudumu likigonga jiwe lililofichika gari linabinuka. Pande zote mbili, kaa mbali. Hatua nyingi za mashindano, yaani vipande vya barabara ambako magari hupimwa muda, hupitiwa mara mbili, basi kwenye mzunguko wa pili soma alama za matairi. Mahali ambapo moja liliteleza asubuhi, lingine litateleza mchana.

Utepe uliofungwa na mamashali, wale wasimamizi wa barabara, usiuone kama kamba ya kuanikia nguo. Na ukiona sehemu nzuri iliyo tupu, hakuna mtu hata mmoja, usifurahi. Jiulize kwanza kwa nini waliokutangulia hawako hapo.

Jambo ninaloliogopa zaidi silo mlevi. Mlevi anaonekana. Ninachoogopa ni hatua moja. Watu wamesimama vizuri, gari la kwanza linapita, mmoja anasogea mbele kidogo ili simu yake ishike vizuri zaidi. Wa pili anakingwa, naye anasogea. Baada ya magari matano mstari mzima umeingia barabarani, na hakuna anayeweza kukuambia nani alianza. Ndivyo ilivyokuwa kwetu kwenye kona, ndivyo ilivyokuwa Ureno. Mstari ukisogea, wewe baki. Utaona visogo vya watu. Vumilia, au panda juu zaidi.

Kabla ya mashindano hupita magari ya usalama, yale yenye namba za sifuri, kukagua kama watu wamekaa vizuri. Mwishoni hupita gari la kufunga msafara. Kati ya hayo, barabara si yako. Naivasha, hasa sehemu za Kedong, kuna vumbi laini kama unga wa muhogo ambalo wenyewe wanaliita feshi-feshi. Gari likipita linaacha ukuta, huoni chochote. Vijana huvuka ndani ya wingu hilo wakiamini muda upo. Mimi pia niliamini muda upo, kwenye tope la Taita.

Gari likipinduka mbele yako, najua damu itachemka. Acha mtu mmoja aende upande magari yanakotokea, akae pembeni mwa barabara, akawapungie wanaokuja, na mashali aitwe. Waliomo ndani wana kibao: OK kama wako salama, au SOS chekundu kama wanahitaji msaada. Kisome kwanza. Kati ya 2022 na 2024 magari ya daraja la juu yalikuwa hata na mfumo wa umeme mkali ndani yake, na kulikuwa na taa ya kuonyesha kama ni salama kuyagusa. Sisi enzi zetu tungelikumbatia kwanza tuulize baadaye.

Pombe. Mpwa wangu alidhani hapa nitahubiri. Sihubiri, bia yangu nainywa. Naomba tu ifunguliwe gari la mwisho likishapita, na asiyeshika usukani. Tangu mashindano ya dunia yarudi Kenya 2021, baada ya miaka 19, Naivasha imekuwa sherehe: muziki, nyama choma, misururu ya Subaru zinazonguruma usiku. Ni raha, na mji unapata riziki, siwaonei kijicho. Lakini nimeiona ile barabara ya Mai Mahiu, ya kurudi Nairobi, Jumapili jioni. Kila mtu ametoka kumtazama bingwa wa dunia kama Ogier au Rovanperä na kila mtu sasa ndiye Ogier. Ule mteremko hauna mamashali. Lala Naivasha, ondoka Jumatatu asubuhi.

Mengine ni madogo. Fika kabla barabara haijafungwa. Beba maji, leso ya kufunika pua, tochi, na mfuko wa taka zako, maana Hell's Gate na Soysambu ni makao ya wanyama, na pundamilia hajui kufungua plastiki. Mtoto usimbebe mabegani ukingoni, hutaweza kuruka naye. Na mkipita vijijini mkaua kuku wa mtu, simameni. Tafuteni mwenyewe, mumlipe, mumwombe radhi. Naliweka hili pamoja na mambo ya usalama, si ya adabu.

Kuna jambo limenifurahisha katika kuyaandika haya. 1983 dereva wa Ufaransa, Michèle Mouton, alikuja Safari na Audi Quattro akamaliza wa tatu, na kijijini kwetu wasichana walidai magari ya waya kwa mara ya kwanza. Miaka mingi baadaye FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ilimkabidhi mama huyo huyo kazi ya kusimamia usalama kwenye mashindano ya dunia. Aliyekuwa ndani ya gari, akiuona ule ukuta wa watu ukifunguka mbele ya bonati, ndiye aliyekwenda kuwaambia watu warudi nyuma. Ningekuwa na uwezo wa kumsikiliza mtu mmoja tu kuhusu jambo hili, ningemsikiliza yeye kabla yangu.

Mpwa wangu ameyakubali yote isipokuwa la kulala Naivasha Jumapili, tunaendelea kujadiliana. Jana nikampigia binamu yangu, ambaye siku hizi anatengeneza pikipiki Mwatate na mkono wake wa kushoto haunyooki kabisa mpaka leo. Nilitegemea akatae. Akaniuliza kama kuna kilima kirefu huko, na kama mtu anaweza kupanda na kiti. Nimemwambia kijana aache nafasi kwenye buti ya viti viwili vya kukunja.