Jibu: Nimtoe mwanangu skuli ya Pemba nimpeleke Unguja?

Mtoa mada umeuliza kama umhamishe kijana wako wa fomu 3 umpeleke kwa mjomba wake Unguja mjini, kwa vile skuli yake kila matokeo ya fomu 4 yakitoka inaburuza mkia. Mie nimesoma skuli ya mji mdogo huku kaskazini Pemba, baadae nikarudi hapo hapo kujitolea kufundisha miaka miwili, hesabu na baiolojia.

Kwanza hayo matokeo usiyasome kama msimamo wa ligi. Mtihani wa fomu 2 ukishatoka wale walokuwa juu wanachukuliwa wanapelekwa skuli za michepuo (skuli maalumu za walofaulu vizuri), wanabaki hawa wetu, halafu baadae wanakuja kulinganishwa na wale wale walochukuliwa. Mwaka mmoja niliondokewa na watoto saba, wote wale wa kukaa mbele na kunyoosha mikono, wiki ilofuata nauliza swali darasa kimyaaa, kama nafundisha madawati (na madawati yenyewe hayatoshi, ila hilo tuliache). Na usidhani ni Pemba tu, mie ni wa fomu 4 ya 2012, ile ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata ziro mpaka matokeo yakafutwa na kupangwa upya 2013. Hata baada ya kupangwa upya divisheni 4 yangu ilisimama kwa mguu mmoja, ikabidi nirisiti.

Penye shida hasa ni lugha. Mtoto fomu 1 anakuta karibu kila kitu Kiingereza, basi anakariri. Niliwahi kutoa jaribio nikauliza kwanini mmea ukifunikwa ndoo siku kadhaa unageuka njano, kijana mmoja akaniandikia maana nzima ya fotosinthesisi kama ilivyo kwenye notsi, nukta na koma hazikupungua, na mchoro juu. Nikampa ziro. Tulipotoka nje nikamuuliza lile lile kwa Kiswahili, akanijibu papo hapo "si umekosa jua mwalimu, kama majani yalokaa chini ya jamvi la karafuu". Wallahi nilinyamaza. Na yale maneno ya mwanzo wa swali ndo yanawamaliza kabisa, limesema explain (eleza) yeye kaorodhesha vitu vinne neno moja moja na namba kavipigia, maksi zishakwenda.

Karafuu nazo, msimu mkubwa unagongana na miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa Novemba, mchana mtoto yuko juu ya mkarafuu analipwa kwa pishi, usiku anachambua makonyo (vikonyo vya karafuu) na mama yake, asubuhi anakuja kusinzia. Na huwezi kumlaumu, ile hela ndo sare yake ya mwakani. Wazee walikuwa wanakuja kuniomba kwa heshima zote, "mwalimu nisaidie wiki moja tu", wiki inakuwa tatu.

Sasa hilo la mjomba. Kama ana muda wa kumuuliza mtoto leo kasoma nini, sawa, lakini nimewaona walohamishiwa mjini wakaishia kulala sebuleni na kutumwa dukani. Kabla hujakata tiketi ya boti chukua daftari lake la baiolojia, lifunge, mwambie akueleze somo la jana kwa Kiswahili. Akiweza, tatizo lake ni lugha na hata Unguja atakwenda nalo, wewe mtafutie mtu wa kumpitisha maswali ya mitihani ilopita, maswali sio notsi, nusu saa kila siku akitoka chuo cha Kurani. Asipoweza, nenda skuli ukaulize hicho kipindi kina mwalimu kweli au kimeandikwa tu kwenye ratiba, maana sie fizikia tulikaa mwaka mzima bila mtu. Wakikwambia hakuna, hapo hata mie ntakusaidia kubeba sanduku mpaka bandarini.