Kabla Hujahamia Mtaa wa Sanaa, Usikilize Usiku Wake

Nimeishi kwenye mtaa wa sanaa miaka tisa sasa, na kila baada ya wiki chache mtu huniuliza swali lile lile: nihamie huko? Huwa ameshauona mtaa Jumamosi jioni. Taa zinawaka, meza zimetolewa nje, kuna mtu anapiga saksafoni kwenye kona, na watu wanatoka ukumbini wakibishana kuhusu mchezo walioutazama. Ameupenda papo hapo. Simlaumu, nami niliupenda hivyo hivyo. Ninachomwambia ni kwamba Jumamosi jioni mtaa unapokea wageni. Njoo Alhamisi saa nane usiku, rudi Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, ndipo uamue. Wanaoufanya mtaa huu upendeze wako kazini wakati wewe umepumzika, na ukihamia hapa unakwenda kulala katikati ya sehemu yao ya kazi.

Mimi sikuusikiliza usiku. Nilisaini mkataba mchana, baada ya dalali kunionyesha sebule yenye mwanga mzuri na chumba cha kulala ambacho dirisha lake linatazama uchochoro. Uchochoro ulikuwa kimya kabisa. Usiku wangu wa kwanza, saa nane na dakika ishirini, nilishtushwa na kishindo nikadhani ukuta umeanguka. Nilipochungulia nikaona mlango wa nyuma wa mgahawa uko wazi, na kijana aliyevaa aproni ameinamisha kreti ya chupa tupu juu ya pipa la chuma. Zikaporomoka zote kwa mpigo. Akachukua kreti ya pili, nayo ikaporomoka. Kisha akaipindua ile kreti, akaikalia, akavua kofia, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Nilikuwa nimeshafungua dirisha nimfokee. Nikalifunga taratibu. Alikaa labda dakika nne, akainuka, akaingia ndani, akatoka na kreti nyingine mbili.

Hali hiyo iliendelea wiki tatu. Majirani wawili walinishauri nipeleke malalamiko kwa mamlaka za mji, na ilibaki kidogo tu nifanye hivyo. Badala yake nikaenda mgahawani saa kumi jioni, ile saa ambayo wateja wa mchana wameondoka na wa usiku hawajafika, nikakuta wafanyakazi wamekaa pamoja wanakula chakula chao. Meneja akanikaribisha. Nikamweleza ninapoishi na saa ninazoamka. Alishangaa kweli, kwani hakujua kama juu ya ule uchochoro kuna mtu analala. Nyumba ilikuwa tupu muda mrefu. Tukakubaliana kwamba kuanzia Jumapili hadi Alhamisi chupa zitakaa stoo hadi asubuhi. Ijumaa na Jumamosi haikuwezekana, maana stoo yao ni ndogo na chupa ni nyingi. Basi siku hizo mbili mimi huchelewa kulala, na nimezoea.

Nasimulia hayo kirefu kwa sababu ndiyo ushauri wangu mkubwa. Nenda kwa watu wenyewe kwanza. Nenda saa wanayoweza kukusikiliza, usiende katikati ya kazi wakati sahani zinapishana mlangoni. Omba jambo moja linalowezekana, lenye siku na saa. Ukiomba "kelele zipungue" hakuna anayejua aanzie wapi. Ukiomba chupa zisimwagwe baada ya saa tano usiku, kila mtu anaelewa. Mamlaka zipo na zina kazi yake, lakini ukianzia huko, jirani atakaporudi kwako atakuja na barua mkononi, na baada ya hapo mazungumzo ni magumu mno.

Sasa kuhusu muziki, maana hapa watu wengi hukosea. Mtu anakagua nyumba, anasikia sauti za watu barabarani, anasema ataweka pazia zito. Pazia linasaidia kidogo sana, na kwa besi halisaidii kabisa. Wimbi la sauti nzito ya hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Wimbi la ukubwa huo halizuiwi na kitambaa wala sifongo ya ukutani. Linautikisa ukuta wenyewe, na ukuta unautikisa mguu wa kitanda. Hata vizibo vya masikioni huzuia vizuri zaidi sauti nyembamba kuliko nzito. Kinachosaidia ni uzito na nafasi: ukuta mnene, dirisha la vioo viwili vilivyoachana vya kutosha, na zaidi ya yote, chumba cha kulala kisichopakana na ukumbi. Kwa hiyo unapokagua nyumba, usisikilize kwa masikio tu. Weka kiganja ukutani wakati muziki unapigwa. Ukihisi ukuta unapumua chini ya mkono wako, ujue utahisi hivyo hivyo kila usiku ukiwa umelala.

Kiwango cha kelele nacho kifahamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mtaa wenye kumbi na baa hauwezi kukaa chini ya hapo, usijidanganye. Na kumbuka desibeli hazihesabiki kama shilingi: zikiongezeka 10 tu, sikio linasikia kama kelele zimekuwa mara mbili. Tofauti ya nyumba inayotazama barabara na ile inayotazama ua wa ndani kwenye jengo hilo hilo ni kubwa kuliko unavyodhani. Ukipewa kuchagua kati ya mandhari na ua, chagua ua. Mandhari utayaona ukishuka ngazi.

Kuna jambo la kisheria pia ambalo mpangaji na mnunuzi wote wanapaswa kuliuliza. Baadhi ya maeneo yana kanuni kwamba anayeleta mabadiliko ndiye anayebeba gharama za kuzuia sauti. Jimbo la Victoria, Australia, liliiweka kwenye taratibu zake za mipango miji mwaka 2014, na Uingereza ikaiingiza kwenye mwongozo wake wa mipango kwa upande wa England mwaka 2018. Maana yake ni kwamba mjenzi akipandisha nyumba za kuishi kando ya ukumbi wa muziki uliokuwepo tangu zamani, yeye ndiye anayepaswa kuweka vioo na kuta za kuzuia sauti, na ukumbi usilazimishwe kufungwa kwa ajili ya waliouhamia. Mimi naiunga mkono kanuni hii kwa moyo wote. Nimeona ukumbi mdogo ukizimwa na malalamiko ya watu waliohamia karibu nao kwa sababu waliupenda mtaa, na mwaka mmoja baadaye mtaa huo hauna tena kitu walichokifuata. Muulize dalali jengo lilitangulia au ukumbi ulitangulia. Akibabaika, waulize wafanyakazi wa ukumbi.

Harufu nayo iangalie: bomba la moshi wa jikoni linatokea wapi na linatazama dirisha la nani. Pita pale saa mbili usiku, dakika moja inatosha.

Upande wa chakula, kosa langu lilikuwa la kila mgeni wa mtaa. Miezi mitatu ya kwanza nilikula nje karibu kila siku, mahali tofauti kila mara, kama mtu aliyepewa orodha aimalize. Nilitumia fedha nyingi na sikujulikana popote. Siku hizi nina sehemu mbili tu. Naenda Jumanne au Jumatano, nakaa kaunta, mahali ninapoona jiko. Wikiendi jiko linapambana na umati. Katikati ya wiki mpishi ana muda wa kukionja anachokupa, na wakati mwingine hukuletea kijiko cha kitu anachokijaribu. Ilinichukua kama miezi sita kufikia hapo, na hakuna njia ya mkato. Sahani moja ya kawaida kila wiki, salamu, kumjua kwa jina anayekuhudumia na anayeosha vyombo. Usipange kula Jumatatu kabla hujauliza, maana sehemu nyingi za aina hii hufunga siku hiyo, sawa na kumbi nyingi za maigizo.

Upande wa sanaa uliniumiza zaidi, kwa namna ambayo sikuitegemea. Mwaka wangu wa kwanza nilihudhuria maonyesho machache kuliko nilipokuwa nikiishi mbali. Nilipokuwa mbali nilinunua tiketi mapema, nikapanga usafiri, nikaenda. Nilipohamia jirani na ukumbi nikawa nasema nitakwenda wiki ijayo, na mchezo ukawa unamalizika nikiusikia makofi yake kupitia dirishani. Nadhani watu wengi wanaoishi kwenye mitaa kama hii wanapitia hayo hayo, wanalipa kodi kubwa kwa ajili ya vitu wasivyoviona.

Kilichoniokoa ni kuitenga Alhamisi. Alhamisi ni ya kutoka, hata nikichoka, hata mvua ikinyesha, na nikikosa igizo naingia kwenye ufunguzi wa maonyesho ya picha, ambao kwa kawaida hauna kiingilio na mchoraji mwenyewe huwa amesimama pale akitamani mtu amuulize jambo la maana. Fuatilia pia tiketi za bei nafuu, kwani wewe unaishi mlangoni na huhitaji kupanga safari. Mjini New York, kibanda cha TKTS kimekuwa kikiuza tiketi za siku hiyo hiyo kwa punguzo tangu 1973, na kumbi nyingi duniani zina utaratibu wao wa kuuza viti vilivyobaki muda mfupi kabla ya pazia kufunguliwa. Maonyesho ya majaribio, yale yanayotangulia uzinduzi rasmi, nayo mara nyingi ni nafuu zaidi.

Njia nyingine ni kujitolea kuonyesha watu viti vyao. Niliifanya msimu mmoja na nikautazama mchezo ule ule mara nne. Mara ya kwanza mwigizaji mmoja alilia kwa sauti pale anapopewa habari ya msiba. Mara ya nne hakulia. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunja tena, akakiweka pembeni, na ukumbi mzima ukanyamaza hadi nikasikia feni ya mitambo ya taa. Mtu anayekuja mara moja kwa mwaka hawezi kupata kitu hicho, na ndicho hasa ninacholipia kodi.

Kodi yenyewe ijadili mapema, tena kwa maandishi. Historia ya mitaa hii inajirudia. Miaka ya 1960 wasanii wa New York walihamia mtaa wa SoHo kwenye maghala na viwanda vilivyoachwa tupu, kwa sababu nafasi ilikuwa kubwa, madirisha mapana na kodi ndogo. Mwaka 1971 jiji likahalalisha wasanii kuishi pale. Yakafuata majumba ya maonyesho, yakafuata maduka ya kifahari, na wasanii wengi hawakuweza tena kulipa. Mwanasosholojia Ruth Glass alikuwa ameshaipa hali ya namna hii jina la Kiingereza, "gentrification", mwaka 1964, akiitazama London. Kwenye ngazi zangu mimi ilimpata mama mmoja aliyechora kwa rangi za mafuta. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mwaka, kodi ikapanda mara mbili mfululizo, akaondoka, na chumba chake sasa hupangishwa kwa siku kwa watalii. Omba mkataba wa miaka miwili au mitatu wenye kiwango cha juu cha ongezeko la kodi. Uliza pia ni nyumba ngapi kwenye jengo zinapangishwa kwa usiku, kwa kuwa jengo la wapita njia halina mtu wa kumgongea mlango unapougua.

Na si kila mtu anafaa kuishi hapa, hata akiwa anaipenda sanaa kuliko mimi. Mdogo wangu huamka saa kumi alfajiri kwenda kazini na ana mtoto mchanga. Alitaka sana nyumba iliyokuwa wazi ghorofa ya juu yangu. Nikamwambia aje alale kwangu Ijumaa moja kwanza, na mtoto. Hakuna aliyefumba jicho. Jumatatu tukatoka pamoja kutafuta, tukampatia nyumba ng'ambo ya bustani, mahali ambapo saa tatu usiku unasikia majani tu. Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Alhamisi hufika saa kumi na mbili jioni, mumewe akibaki na mtoto, tunakula kaunta, kisha tunavuka barabara kuelekea ukumbini, na saa nne usiku namsindikiza hadi kwenye geti la bustani.