Kodi ya Majengo New Jersey: Je, Mkutano wa Katiba Utaleta Nafuu?

Katika safu ya leo tunajibu maswali ya wasomaji kuhusu kodi ya majengo katika jimbo la New Jersey, Marekani, na kuhusu hoja, iliyojitokeza mara kadhaa, ya kuitisha mkutano maalumu wa katiba, yaani kikao cha wajumbe wa kurekebisha katiba ya jimbo, ili kodi hiyo ifumuliwe na kupangwa upya.

Nyumba yangu iko Jersey City na sijaongeza hata chumba kimoja. Kwa nini kodi hupanda?

Kodi hii haianzii kwenye nyumba, bali kwenye bajeti. Manispaa, kaunti na bodi ya shule kila moja hupanga matumizi yake, huondoa humo mapato mengine inayoyatarajia, kisha pengo linalobaki hugawanywa kwa wenye mali kulingana na thamani aliyoiandika mthamini. Tuseme kiwango ni dola 2.50 kwa kila dola 100: nyumba yenye thamani ya dola 400,000 itadaiwa dola 10,000 kwa mwaka. Hilo haliko mbali na hali halisi, kwa kuwa mwaka 2024 wastani wa jimbo zima ulivuka dola 10,000. Tazama hati yako ya kodi, ambayo hulipwa kwa awamu nne kuanzia Februari 1, nawe utaona mgawo wa shule peke yake. Kwa wastani wa jimbo, mgawo huo huzidi nusu ya kodi yote. Mjane anayeishi kwa pensheni na jirani yake mwenye mshahara mnono hudaiwa sawa iwapo nyumba zao zina thamani moja, na hapo ndipo ninapoiona dhuluma ya mfumo huu.

Kwa nini Bunge la jimbo lisirekebishe lenyewe?

Limejaribu, na mara nyingi kwa kusukumwa. Mwaka 1973, katika kesi ya Robinson dhidi ya Cahill, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba utaratibu wa kugharimia shule kwa kutegemea mno kodi ya majengo ulikiuka katiba ya jimbo, kwa sababu watoto wa miji maskini hawakupata elimu waliyostahili. Bunge lilisitasita hadi Julai 1976, mahakama ilipozuia fedha za shule zisitumike. Ndipo kodi ya mapato ilipopitishwa, na katiba ikaelekeza mapato yake yatumike kupunguza makali ya kodi ya majengo. Baadaye ukaja ukomo wa ongezeko la mwaka, asilimia 4 mwaka 2007 na asilimia 2 mwaka 2010. Hatua hizi zilipunguza kasi, lakini shule zikaendelea kuegemea nyumba za watu. Kila mbunge anajua kwamba kuhamisha mzigo kutamuumiza mpiga kura fulani, naye atarudi kumwomba kura mtu huyohuyo.

Wananchi wa New Jersey hawana haki ya kuanzisha wenyewe kura ya kubadili katiba ya jimbo. Kwa hiyo jopo lililoundwa mwaka 2004 lilichunguza njia ya kuitisha mkutano wa wananchi kuhusu kodi hii, na mwaka 2006 hoja hiyo ikajadiliwa tena na kamati ya pamoja ya Bunge. Mkutano haukuitishwa.

Je, ungekuwa kama Bunge Maalumu la Katiba la Dodoma, mwaka 2014?

Hapana, hasa katika upatikanaji wa wajumbe. Dodoma, wabunge na wawakilishi wa Zanzibar waliingia kwa nyadhifa zao, na wajumbe 201 wakateuliwa na Rais. Katika mkutano wa New Jersey wa mwaka 1947, uliofanyika Chuo Kikuu cha Rutgers, wajumbe 81 walichaguliwa na wapiga kura wa kaunti zao, na rasimu yao ikaidhinishwa kwa kura Novemba mwaka huohuo. Isitoshe, walikatazwa mapema kugusa mgawanyo wa viti vya Bunge. Suala hilo lilisubiri mkutano mwingine, wa mwaka 1966, ulioitishwa kwa ajili yake tu. Anayedai kwamba mkutano wa kodi hauwezi kuwekewa mipaka, basi, anapingana na historia ya jimbo lenyewe.

Mipaka ipi ingefaa?

Mkutano uzuiwe kugusa haki za raia na muundo wa mahakama, lakini usizuiwe kujadili chanzo mbadala cha fedha za shule. California, mwaka 1978, wapiga kura waliweka ukomo wa asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Matokeo yake, majirani wenye nyumba zinazofanana hulipa kodi zinazotofautiana sana, na serikali za mitaa zilipoteza sehemu kubwa ya mapato kwa ghafla. Mkutano utakaoandika ukomo bila kusema nani atamlipa mwalimu, mimi singeuunga mkono.

Mimi ni mpangaji na bado si raia. Hili linanihusu?

Linakuhusu, kwani mwenye nyumba huiingiza kodi hiyo katika pango lako. Hutaweza kupiga kura, lakini unaweza kutoa maoni katika vikao vya wazi vya bajeti ya manispaa na ya bodi ya shule. Mpango wa jimbo uitwao ANCHOR hutoa nafuu kwa wapangaji wanaotimiza masharti, pamoja na wenye nyumba, basi usiache kuomba.