Jibu: Seli shina za Benjamin Mkapa hazitoki kwenye mimba

Dada wa Nkuhungu, umeuliza kama kupandikiza uloto (ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu) kwa watoto wenye selimundu pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ni "kuua vichanga", kama ulivyoambiwa. Hapana. Seli shina za uloto, yaani seli mama zinazozaa seli za damu, hutoka kwa mtu aliye hai, mara nyingi ndugu wa mgonjwa wa baba na mama mmoja.

Ubishi uliousikia ni wa maabara. Mwaka 1998 mwanasayansi James Thomson wa Marekani alizalisha seli shina kutoka kwenye viinitete (mimba changa kabisa) vya siku chache vilivyobaki kliniki za kusaidia wasiopata mimba, na kiinitete huharibika katika kazi hiyo. Anayeamini uhai huanza pale mimba inapotungwa ana haki ya kupinga, na simbezi. Tangu 2007 Shinya Yamanaka, mwanasayansi wa Japani, alipogeuza seli za ngozi ya mtu mzima kuwa seli shina, njia nyingine isiyohitaji kiinitete ipo.

Kwako swali zito ni la binti yako wa miaka tisa atakayemchangia kaka yake. Atapewa dawa ya usingizi na kuchomwa sindano mfupa wa nyonga, naye haumwi chochote. Mweleze kwa lugha yake, na daktari azungumze naye ninyi wazazi mkiwa nje. Akikataa, akatae mapema: kaka akishapewa dawa za kuua uloto wake, hakuna kurudi nyuma. Tafadhali asiambiwe "kaka yako akifa ni wewe." Huo si ridhaa, ni mzigo.